Malalamiko ya watoto wa vitani hukwama mlangoni

Mhariri,

Kila wanamgambo wanapoteka wanafunzi, au ndege za jeshi zinapopiga kijiji, habari magazetini huishia pale pale: mashirika yamelaani, serikali imeahidi uchunguzi, na msomaji anaelekezwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kana kwamba hakuna kwingine pa kushtaki. Kwingine kupo. Afrika ina Kamati ya Wataalamu kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, yenye wajumbe 11 na sekretarieti yake Maseru, Lesotho. Kamati hiyo hupokea malalamiko kwa mujibu wa kifungu cha 44 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Julai 1990 na kuanza kutumika Novemba 29, 1999. Mkataba una kifungu kizima, cha 22, kinachohusu vita tu. Hata hivyo, malalamiko ya vita yaliyowahi kufika mezani kwa Kamati ni machache mno ukilinganisha na vita vyenyewe, na hata yanayofika, mengi yanakuwa yameandikwa kama tamko la kulaani. Shauri la namna hiyo huanguka kabla wajumbe hawajafika kwenye yaliyompata mtoto. Hilo ndilo linalotufanya tuandike, kwa sababu linarekebishika.

Tuanze na nani analalamikiwa. Kamati ya Maseru, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Mahakama ya Afrika ya Arusha, Mahakama ya Ulaya ya Strasbourg na ile ya nchi za Amerika iliyoko San José zote zinafanana katika jambo moja: anayejibu ni dola. Haziwezi kumfunga kamanda wa waasi. Kazi hiyo ni ya mahakama za jinai. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ndiyo iliyomtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Kongo, mwaka 2012 kwa kuandikisha na kutumia watoto vitani, na Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa Uganda, mwaka 2021. Kwa hiyo mwandishi wa malalamiko anayetumia kurasa 20 kueleza ukatili wa waasi, kisha nusu ukurasa kuhusu serikali, ameigeuza hoja miguu juu. Ukatili wa waasi ni mazingira ya shauri tu. Kiini chake ni haya: serikali ilijua nini, ilijua lini, ilikuwa na uwezo gani siku hiyo, na haikufanya nini.

Maswali hayo yana majibu ya kutafuta. Je, mkuu wa shule aliandika barua kwa mkuu wa wilaya kwamba wanamgambo wanazungukazunguka karibu na bweni? Nakala yake iko wapi? Kambi ya jeshi ilikuwa umbali gani? Wanajeshi walifika baada ya saa ngapi? Baada ya tukio, nani alifungua jalada la uchunguzi, na lina namba gani? Mtoto aliyetoroka porini alikabidhiwa kwa ustawi wa jamii au aliwekwa mahabusu ya kijeshi na kuhojiwa kama adui? Hili la mwisho husahaulika sana, nalo ni moja ya hoja nzito, kwa sababu hapo mtenda kosa ni dola yenyewe na hakuna wa kumsingizia.

Sheria inaunga mkono njia hii. Katika uamuzi wake wa 2009 kuhusu Darfur, Tume ya Banjul iliikuta Sudan na hatia ya kushindwa kuwalinda raia, wakiwemo waliovamiwa na wanamgambo wa Janjaweed, ambao serikali ilijitenga nao. Wajibu wa kulinda hauishii pale mshambuliaji anapokuwa hajavaa sare ya taifa.

Shauri la kwanza kabisa kufikishwa mbele ya Kamati ya Watoto, namba 001/2005, lilihusu watoto wa kaskazini mwa Uganda wakati wa vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army). Uamuzi ulitoka Aprili 2013. Kamati haikukubali kila dai. Ambapo ushahidi haukutosha ilisema wazi. Lakini iliona Uganda imekiuka Mkataba, na ikaitaka pamoja na mambo mengine itunge sheria ya kufanya uandikishaji na utumiaji wa watoto vitani kuwa kosa la jinai, na iimarishe usajili wa vizazi. Agizo la usajili wa vizazi linaweza kuonekana dogo mbele ya vita vilivyoteka watoto kwa maelfu, lakini si dogo hata kidogo. Ofisa anayeandikisha askari bila kuona cheti cha kuzaliwa hana namna ya kumjua mtoto wa miaka 16, na akibanwa ana kisingizio tayari.

Kwa upande wa umri, Mkataba wa Afrika una nguvu ambayo wengi hawaitumii. Kifungu cha 2 kinasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, bila mwanya wowote. Sheria ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inaadhibu kuandikisha walio chini ya miaka 15 tu. Kijana aliyechukuliwa akiwa na miaka 16 hawezi kupata hukumu ya kosa hilo The Hague, lakini Maseru analo shauri kamili. Pia kifungu cha 22 hakibagui vita vya nchi na nchi na vita vya ndani. Kinataja hata hali ya machafuko na mivutano. Serikali ikisema kwamba zile ni fujo za majambazi tu, siyo vita, haijaponyoka.

Hata hivyo, ngazi ya kwanza si uzito wa hoja, ni kupokelewa kwa shauri, na hapa ndipo wengi hukwama. Masharti ya Kamati si magumu kuyaelewa. Malalamiko yawe ya maandishi, yawe dhidi ya nchi iliyoridhia Mkataba, yawe na jina na anwani ya anayeyaleta, yasitumie lugha ya matusi, yasitegemee habari za vyombo vya habari peke yake, yasiwe yanashughulikiwa au yameshaamuliwa na chombo kingine cha kimataifa, yaje baada ya kumaliza njia za kisheria za nyumbani, na yaletwe ndani ya muda wa kuridhisha.

Sharti la jina huwatisha watu bila sababu. Malalamiko yasiyo na jina hayapokelewi, lakini kifungu cha 44 chenyewe kinaagiza yatunzwe kwa siri. Mlalamikaji anaweza kuomba jina la mtoto lisitajwe mahali popote, na afadhali aombe hivyo katika ukurasa wa kwanza, si baadaye uamuzi ukishachapishwa. Wala si lazima mtoto au mzazi awe ndiye anayeandika. Mtu mwingine, kikundi au shirika linalotambuliwa na Umoja wa Afrika linaweza kuandika kwa niaba yake, hata bila ridhaa yake endapo haipatikani, mradi lithibitishe kwamba ni kwa manufaa bora ya mtoto. Kwa mtoto ambaye bado yuko mikononi mwa waliomteka, huo ndio mlango pekee.

Sharti la njia za nyumbani ndilo linaloua mashauri mengi zaidi. Kosa la kawaida ni kuandika sentensi moja: "Nchini kwetu mahakama hazifanyi kazi." Sentensi hiyo haithibitishi chochote. Kinachotakiwa ni kuonyesha njia gani ilikuwepo, nani aliijaribu au kwa nini isingeweza kujaribiwa, na ushahidi wake: mahakama ya wilaya ilifungwa tarehe fulani, hakimu alihama, polisi walikataa kupokea taarifa, ombi la amri ya kumfikisha mtu mahakamani limekaa bila kusikilizwa. Tume ya Banjul katika shauri la Darfur ilikubali kwamba watu waliofurushwa makwao kwa wingi hawawezi kudaiwa kwanza wapite mahakama za nchi inayowafurusha. Kamati nayo, katika shauri la watoto Wanubi wa Kenya lililoamuliwa Machi 2011, ilikataa kuwafungia mlango kwa sababu kesi yao ya nyumbani ilikuwa imezungushwa kwa miaka. Shauri hilo lilihusu uraia, si vita, lakini hoja yake inafaa moja kwa moja: mwaka mmoja ni karibu asilimia 6 ya utoto wote. Kila anayeandika malalamiko ya mtoto aiweke hesabu hiyo ndani, na aiweke mapema.

Kamati yenyewe pia inahusika na hesabu hiyo. Shauri la Uganda lililetwa 2005 na kuamuliwa 2013. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 lilipofunguliwa alikuwa na 20 uamuzi uliposomwa; hakuwa tena mtoto kwa sheria ile ile aliyoililia. Tunajua Kamati ilikuwa changa na haikuwa na watumishi wa kutosha. Hata hivyo shauri la mtoto aliye vitani linapaswa kupewa foleni yake, likasomwa kabla ya mengine, na nchi ikipewa muda wa kujibu, muda huo usiongezwe mara kwa mara kwa sababu tu wizara mbili hazijakubaliana nani aandike jibu.

Muda unamkaba mlalamikaji pia, tena kwa namna tofauti kila mahali. Strasbourg, tangu Februari 1, 2022, ni miezi 4 baada ya uamuzi wa mwisho wa nyumbani; zamani ilikuwa 6. Tume ya nchi za Amerika iliyoko Washington inatoa miezi 6. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko Arusha, inatoa miezi 2 tu tangu tendo kufanyika au mlalamikaji kulijua, na haina huruma. Shauri la mateso na mauaji ya Mlima Elgon, Kenya, ya kati ya 2006 na 2008, lilivuka ngazi ya kwanza ya mahakama hiyo, kisha mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikalitupa kwa kuchelewa, na kikakataa hoja kwamba ukiukaji ulikuwa bado unaendelea. Watetezi wengi wa Afrika Mashariki hawajaisoma hukumu hiyo hadi leo. Anayekusanya maelezo ya mashahidi kwa mwaka mzima kabla ya kufungua shauri Arusha anakusanya kitu cha kuweka kabatini. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliyoko Abuja, kwa upande mwingine, haidai kwanza mtu amalize njia za nyumbani, na kwa mtoto wa Sahel hilo lilikuwa jambo kubwa hadi Mali, Burkina Faso na Niger zilipojiondoa ECOWAS Januari 2025.

Kuna kuchelewa kwa aina nyingine, ambako si kosa la mlalamikaji. Gerardo Vargas Areco aliingizwa jeshini Paraguay akiwa na miaka 15, na mwishoni mwa 1989 alipigwa risasi alipojaribu kutoroka kambini. Mahakama ya San José ilitoa hukumu 2006, lakini kwa kuwa Paraguay ilikubali mamlaka ya mahakama hiyo 1993, haikuweza kuamua juu ya kuandikishwa kwake wala kuuawa kwake. Iliamua juu ya yale tu yaliyotokea baadaye, yaani kesi iliyoburuzwa nyumbani bila haki. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Ernestina na Erlinda Serrano Cruz, watoto wa miaka 7 na 3 waliopotea El Salvador wakati wa operesheni ya jeshi Juni 1982. Hukumu ya 2005 iliishia kwenye kushindwa kwa dola kuchunguza na kuwatafuta.

Funzo la kazi hapa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wajibu wa kuchunguza ni wajibu unaojitegemea. Tendo likiwa limetokea kabla ya nchi kuridhia mkataba, au ushahidi wa nani alifyatua ukiwa haupatikani, mlalamikaji bado ana hoja iliyo hai: tangu siku ile dola imefanya nini? Katika shauri la Isayeva, mwaka 2005, Strasbourg iliitia Urusi hatiani kwa kudondosha mabomu mazito juu ya kijiji cha Katyr-Yurt, Chechnya, wakati raia wanakimbia. Mwaka 2010, katika shauri la Abuyeva na wenzake kuhusu kijiji kile kile, ilikuta uchunguzi bado haujafanyika inavyopaswa. Lakini upanga huu una makali pande zote. Baba wa Afghanistan aliyepoteza wanawe wawili, wa miaka 12 na 8, katika shambulio la anga la Kunduz la 2009 lililoamriwa na kamanda wa Kijerumani, alishindwa dhidi ya Ujerumani mwaka 2021, kwa sababu mahakama iliridhika kwamba uchunguzi wa Kijerumani ulitosha. Kwa hiyo haitoshi kusema uchunguzi haukuridhisha. Ni lazima kuonyesha shahidi gani hakuhojiwa, kaburi gani halikufukuliwa, kumbukumbu gani za ndege hazikuombwa.

Kuhusu ushahidi wenyewe, umri ndio nguzo inayoanguka kwanza, kwa sababu vyeti huungua pamoja na nyumba. Picha ya mifupa ya kiganja isitegemewe peke yake. Huweza kukosea kwa miaka, na pengo la miaka miwili linatosha kumgeuza mtoto kuwa mtu mzima. Afadhali vipande kadhaa vinavyokubaliana: kadi ya kliniki, daftari la mahudhurio ya shule, cheti cha ubatizo au kumbukumbu ya madrasa, mpangilio wa kuzaliwa kwa ndugu, maelezo ya mkunga. Kila kimoja ni dhaifu, vyote kwa pamoja ni vigumu kuvitikisa.

Maelezo ya mtoto yachukuliwe mara moja, na mtu mmoja aliyefundishwa, kwa lugha anayoiongea, na yale ya asili yahifadhiwe pamoja na tafsiri. Kesi ya Lubanga iliwafundisha wote jambo hili kwa uchungu: majaji waliweka kando ushahidi wa vijana walioletwa kama askari watoto wa zamani, kwa kuwa waliokuwa wakiwaunganisha na waendesha mashtaka walishukiwa kuwapangia la kusema. Kilichosaidia kuthibitisha umri ni picha za video, zilizoonyesha watoto wadogo dhahiri wakiwa na silaha. Mtoto anayehojiwa na mashirika matano, kila moja likiwa na fomu yake, anaishia kuwa na maelezo matano yanayopishana, na wakili wa serikali atayasoma yote.

Wengine huogopa kwamba wakishapeleka taarifa kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kufuatilia ukiukwaji mkubwa dhidi ya watoto, ulioanzishwa kwa azimio 1612 la mwaka 2005, wamejifungia mlango wa Maseru. Sivyo. Mfumo huo unakusanya taarifa na kuzipeleka Baraza la Usalama. Hauamui shauri la mtu wala hautoi fidia. Tume ya Banjul ilishakataa hoja ya aina hiyo katika shauri la Darfur. Kinachofunga mlango ni kupeleka malalamiko yale yale, ya watu wale wale, kwenye chombo kingine kinachoamua. Chagua kimoja tangu mwanzo.

Na pale mtoto akiwa bado hatarini, usisubiri shauri likamilike. Omba hatua za muda, yaani amri ya dharura ya kumlinda mtoto wakati shauri likisubiri, katika waraka tofauti na mfupi, ukitaja hatari mahususi, inayokaribia, isiyoweza kurekebishwa ikishatokea, na kitu kimoja au viwili vinavyotekelezeka: mtoto fulani atolewe mahabusu ya kijeshi na kukabidhiwa ustawi wa jamii ndani ya siku kadhaa, wanajeshi waondoke kwenye majengo ya shule fulani. Ombi la "serikali ikomeshe vita" halitekelezeki na halitatolewa.

Yapo yasiyo mikononi mwa walalamikaji. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ilitoa maoni ya ushauri kwamba Kamati ya Watoto haimo katika orodha ya wanaoruhusiwa kupeleka mashauri mbele yake, kwa vile kifungu cha 5 cha Itifaki ya 1998 iliyoiunda Mahakama hiyo hakiitaji Kamati, ingawa ilisema ingefaa sana iwemo. Tume ya Banjul inaweza, Kamati haiwezi. Miaka imepita na kifungu kimebaki kama kilivyo. Maana yake ni kwamba nchi ikipuuza uamuzi wa Kamati, Kamati haina pa kulisukuma shauri ili litoke na hukumu inayofunga. Mtu binafsi naye anaweza kwenda Mahakama hiyo moja kwa moja ikiwa tu nchi yake imetoa tamko la kumruhusu chini ya kifungu cha 34(6) cha Itifaki hiyo, na matamko hayo yamekuwa yakiondolewa: Rwanda 2016, Tanzania 2019, Benin na Côte d'Ivoire 2020. Wabunge wanaopenda kuzungumzia mtoto wa Afrika kila Juni 16 waulizwe kuhusu vifungu hivi viwili, cha 5 na cha 34(6), kwa namba zake.

Ombi letu kwako, Mhariri, linahusu chumba cha habari. Habari ya gazeti peke yake haibebi malalamiko, lakini picha na maelezo ya mwandishi wako yanaweza kuyasimamisha yakiungana na ushahidi mwingine. Hifadhini faili asilia za picha na video zikiwa na tarehe na saa zake, andikeni jina la kijiji na la kikosi badala ya "eneo la mashariki" na "vyombo vya usalama", na msichapishe sura wala jina la mtoto aliyetoroka kwa waasi. Waliomteka husoma magazeti pia.

Ni sisi,
Wanasheria watetezi wa haki za mtoto
(majina tumeyawasilisha kwa Mhariri)